Takwimu ya ajali za barabarani inapotia shaka: kutafuta kasoro yake kuanzia kwenye dalili

Dereva wa lori anayefanya safari za Kasumbalesa na Kolwezi hahitaji kuambiwa kwamba Barabara ya Taifa namba 1 inaua watu, kwa sababu mabaki ya magari ameyaona mwenyewe kando ya lami. Lakini siku anaposikia redioni kwamba vifo vimepungua kwa asilimia 40, ana haki ya kuuliza vimepungua kutoka ngapi, kwenye kipande kipi cha barabara, na ni nani aliyevihesabu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya mwandishi wa habari, kiongozi wa chama cha wasafirishaji, na mwanafunzi anayeandika kazi yake ya mwisho wa masomo hapa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nimechukulia kwamba msomaji hana rafiki wizarani. Ana namba aliyopewa, kalamu, na uwezo wa kupiga simu mbili tatu.

Njia yenyewe ni ya fundi wa magari, ambaye haanzi kwa kushusha injini. Husikiliza dalili, kisha hukagua kwanza kile kinachoharibika mara nyingi na ambacho mkono unakifikia kwa urahisi. Katika miaka niliyoshughulika na hesabu za ajali nimeona kwamba namba nyingi mbovu hazikutungwa na mwongo. Ziliharibika mahali pa kukabidhiana: kati ya barabara na daftari la polisi, kati ya daftari na hospitali, kati ya hospitali na ofisi ya jimbo, au mwishoni kabisa, pale mtu alipozigawa kwa namba isiyohusika nazo.

Kabla ya kukagua chochote

Iandike namba uliyopewa katika sentensi kamili. «Ajali 120 mwezi wa tatu» haitoshi. Sentensi kamili ingesema, kwa mfano: ajali 120 zilizoandikiwa prosevebali (ripoti rasmi ya polisi) na polisi wa barabarani, ndani ya komini saba za mji wa Lubumbashi, kuanzia tarehe 1 hadi 31 Machi, zikiwemo zile ambazo hakuna aliyeumia. Mara nyingi utakwama katikati ya sentensi, kwa sababu aliyekupa namba hakusema eneo, au hakusema kama anahesabu magari yaliyogongana au watu walioumia. Hapo ulipokwama ndipo pa kuanzia. Mpigie simu umwulize, na umwache amalize sentensi kwa maneno yake mwenyewe, maana ukimpendekezea jibu atalikubali ili simu iishe.

Dalili: ofisi mbili zinatoa namba mbili kwa barabara ileile na mwezi uleule

Hii ndiyo dalili inayoonekana zaidi, na watu huichukua haraka kuwa ushahidi kwamba upande mmoja unadanganya. Kwa kawaida pande zote mbili zimehesabu vizuri, ila zimehesabu vitu viwili tofauti.

Sababu ya kwanza ya kukagua ni siku za kungoja. Kipimo kinachotumiwa kimataifa humhesabu kama aliyekufa kwa ajali mtu aliyefariki papo hapo au ndani ya siku 30 baada ya ajali. Si kila mahali, wala si kila wakati, kipimo hiki kimefuatwa. Ufaransa ilihesabu siku 6 tu hadi mwisho wa mwaka 2004, ikahamia siku 30 mwaka 2005, na ili kulinganisha miaka ya kabla na ya baada wataalamu wake walilazimika kuziongeza namba za zamani kwa asilimia kadhaa. Japani imezoea kutangaza vifo vya ndani ya saa 24, na hesabu ya siku 30 ikaja kuwekwa pembeni yake baadaye. Kama nchi zenye ofisi kubwa za takwimu zina tofauti hizi, tusishangae kwetu. Polisi wa barabarani, hawa ambao hapa mjini tunawaita rulaji, huandika prosevebali mahali pa ajali. Aliyeumia hupakiwa kwenye gari lolote linalopita na kupelekwa hospitali. Akifariki siku ya kumi na moja, hakuna anayerudi kwenye lile daftari kubadilisha neno «majeruhi» liwe «marehemu». Daftari la polisi lina ukweli wa saa ya kwanza, na daftari la hospitali lina ukweli wa wiki zilizofuata.

Sababu ya pili ni mpaka. Barabara ya Taifa namba 1 hutoka mpakani mwa Zambia, hupita Lubumbashi na Likasi ndani ya jimbo la Haut-Katanga, kisha huingia jimbo la Lualaba kuelekea Kolwezi. Ajali ikitokea karibu na mahali majimbo yanapokutana, majeruhi hupelekwa kwenye hospitali iliyo karibu, na hospitali hiyo inaweza kuwa ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Kifo kimoja kinaweza kuandikwa mara mbili au kisiandikwe kabisa. Hata ajali kubwa inayojulikana na kila mtu haina idadi moja. Tarehe 20 Februari 2019, lori lililobeba asidi ya salfuriki lilipinduka katika kijiji cha Kabwe, upande wa Tenke, likahusisha basi la abiria. Habari za kwanza zilitaja watu 18 waliofariki, na hesabu za baadaye zikafika 20 na zaidi. Anayenukuu 18 leo hajasema uongo, ila amesimama kwenye saa ya mapema.

Sababu ya tatu huwa haitajwi kwenye ripoti, lakini kila dereva anaijua: ajali iliyomalizwa kwa maelewano. Madereva wawili wakikubaliana kulipana taa na bampa palepale barabarani, hakuna karatasi itakayoandikwa. Kwa hiyo idadi ya ajali ndogo inategemea sana kama polisi alikuwa karibu, na kama wahusika waliona karatasi ingewasaidia au ingewaongezea gharama. Ndiyo maana napendelea kuanza na vifo: maiti haimalizwi kwa maelewano kirahisi kama bampa.

Jaribio la kufanya ni hili: omba orodha, usiombe jumla. Huhitaji majina. Tarehe, mahali, aina ya chombo, jinsia na umri wa makadirio vinatosha kuona kama kifo cha daftari hili ndicho kilekile cha daftari lile. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuchukua jumla ya polisi na jumla ya hospitali nikazijumlisha, nikapata namba ya kutisha ambayo ilisomwa mbele ya watu kabla sijagundua kwamba sehemu nzuri ya marehemu wale nimewazika mara mbili.

Ukishalinganisha orodha, unaweza kufanya jambo lenye faida zaidi kuliko kuchagua nani ana haki. Chukua mfano wa kubuni. Polisi wana orodha ya vifo 60, hospitali pamoja na mochari wana orodha ya vifo 50, na vifo 20 vimo kwenye orodha zote mbili. Maana yake, kati ya 60 wanaojulikana na polisi, hospitali iliwapata 20, yaani theluthi moja. Kama hospitali huwapata theluthi ya marehemu wote, basi 50 ilionao ni theluthi ya jumla, na jumla inakaribia 150. Hesabu ni 60 mara 50, kisha kugawanya kwa 20. Marehemu tofauti ulionao mkononi ni 90 tu, kwa hiyo wapo kama 60 ambao hawakuandikwa popote. Njia hii imetoka kwa wataalamu wa kuhesabu samaki ziwani, ambao huvua, hutia alama, huachilia, kisha huvua tena na kuangalia ni wangapi wenye alama. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu jiji la Karachi huko Pakistan uliitumia kwa ajali za barabarani, ukaonyesha kwamba takwimu rasmi zilikuwa na zaidi kidogo ya nusu ya vifo, na sehemu ndogo mno ya majeruhi wa hali mbaya.

Njia hii ina masharti, na lazima yakaguliwe. Orodha mbili zisiwe zimenakiliana: kama polisi hupita hospitali kila Jumatatu kuchukua idadi, wanaojirudia watakuwa wengi kupita kawaida na jumla itatoka ndogo kuliko ukweli. Pia aliyefia barabarani hapiti wodini, hivyo ukilinganisha polisi na daftari la wodi peke yake, bila mochari, hesabu itapotoka. Tumia matokeo kuonyesha ukubwa wa pengo, na usiyasome hadi tarakimu ya mwisho.

Dalili: namba ya kimataifa ni kubwa mara nyingi kuliko ya nchini

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba mwaka 2016 watu 26,529 walikufa kwa ajali za barabarani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sawa na 33.7 kwa kila watu 100,000. Namba hiyo ilipita mbali sana vifo vilivyoandikwa na vyombo vya nchi. Hapa mjini nimesikia majibu mawili, na yote mawili yana kasoro. Wapo wanaosema kwamba wageni wametuzulia vifo, na wapo wanaoisoma 26,529 kana kwamba mtu alipita akihesabu majeneza moja moja hadi la mwisho.

Kinachopaswa kukaguliwa ni kama namba ni hesabu au makadirio. Kwa nchi zisizo na usajili kamili wa vifo, shirika hilo hutumia mlinganyo uliojengwa kutokana na nchi zenye usajili mzuri, likiingiza mambo kama pato la taifa, idadi ya magari, urefu wa barabara na uwezo wa huduma za afya. Yaani namba inatuambia nchi inayofanana na yetu kwa mambo hayo ingetarajiwa kupoteza watu wangapi. Tarakimu mbili za mwisho, 29, ni mabaki ya kikokotoo. Ripoti hiyo ya 2018 huweka upande wa kila makadirio kiwango cha chini na cha juu, na hivyo viwili ndivyo vya kunukuu.

Kisha kagua namba ya chini ya sehemu, yaani ile inayotumika kugawia. Sensa ya mwisho ya watu hapa Kongo ilifanyika mwaka 1984. Kila kiwango cha «kwa kila watu 100,000» kinachotolewa tangu hapo kimegawanywa kwa idadi ya watu ambayo nayo ni makadirio. Kwa Lubumbashi, mji uliopanuka upande wa komini ya Annexe hadi kwenye mitaa ambayo ramani za zamani hazina, jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa nchi nzima. Watu wawili wanaweza kukubaliana kuhusu idadi ya vifo mjini na bado wakatofautiana sana kuhusu kiwango, kwa sababu kila mmoja amechukua idadi yake ya wakaaji. Dawa ni ndogo: nukuu idadi ya vifo yenyewe, na ukilazimika kutoa kiwango, andika uligawanya kwa watu wangapi.

Jambo moja la kuepuka kabisa ni kutoa makadirio ya ripoti moja kutoka kwa makadirio ya ripoti nyingine na kuita tofauti hiyo maendeleo. Kati ya ripoti na ripoti, mlinganyo wenyewe huweza kuwa umebadilishwa.

Dalili: namba imeshuka au imepanda ghafla

Anza na mambo ya karatasi. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Jedwali linaloonyesha «Katanga» mwaka 2013 na «Haut-Katanga» mwaka 2017 kwenye mstari mmoja litaonyesha kupungua kwa ajabu, na hakuna hata breki moja iliyotengenezwa. Baada ya hapo uliza kama fomu ilibadilishwa, kama kituo fulani kilikosa kuleta ripoti kwa miezi miwili, na kama miezi inayolinganishwa ni ya msimu mmoja. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Kulinganisha Januari na Julai ni kulinganisha tope na vumbi.

Karatasi zikiwa safi, kagua bahati. Barabara ambayo kwa kawaida huua watu 25 kwa mwaka inaweza kuleta 16 mwaka mmoja na 34 mwaka mwingine bila chochote kubadilika. Kanuni ya mkato ni kuchukua kipeuo cha pili cha idadi ya kawaida na kukizidisha kwa mbili: kipeuo cha 25 ni 5, mara mbili ni 10, basi chochote kati ya 15 na 35 hakina habari mpya. Kwa vifo, mipaka ya kanuni hii ni myembamba mno, maana basi moja likipinduka huleta marehemu kumi kwa mara moja. Hesabu ajali zilizoua, usihesabu waliokufa, ndipo kanuni ikufae. Na asilimia zinazotokana na namba ndogo zisikusumbue: kutoka vifo 4 hadi 2 ni kupungua kwa asilimia 50, na ni watu wawili.

Kasoro ngumu zaidi kuonekana, na ambayo nimeikuta hata kwa watu waliosoma, hujificha nyuma ya mradi uliofanikiwa. Kona fulani imeua watu wengi mwaka huu. Wakuu wanashtuka, wanaweka matuta na kibao chekundu, na mwaka unaofuata vifo vinapungua. Kila mtu anaamini matuta yamefanya kazi. Inawezekana. Lakini kona ile ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa na mwaka mbaya kuliko kawaida yake, na kitu kilichochaguliwa kwa ubaya wake wa mwaka mmoja huelekea kurudi kwenye wastani wake hata kikiachwa kama kilivyo. Mtu akirusha dadu akapata sita, ukampa maji anywe, kisha akarusha tena akapata tatu, hutasema maji yamepunguza dadu.

Jaribio lake lina sehemu mbili. Kwanza, omba idadi za miaka mitano kabla ya matuta, wala usikubali mwaka mmoja uliotangulia. Pili, tafuta kona nyingine zilizokuwa mbaya mwaka uleule lakini hazikupewa matuta, uone zilikwenda wapi. Kama nazo zimeshuka kwa kiasi kilekile, matuta hayajathibitisha kitu. Siyapingi matuta, mbele ya shule nayataka hata bila takwimu.

Dalili: sababu za ajali zinajumlika hadi asilimia 100 kamili

Ukiona jedwali linalosema mwendo wa kasi asilimia fulani, ulevi asilimia fulani, breki mbovu asilimia fulani, na mwishoni jumla ni 100, fahamu kwamba kila ajali imelazimishwa kuchagua sababu moja. Ajali za kweli hazina sababu moja. Dereva amekaa kwenye foleni ya Kasumbalesa siku tatu, amelala ndani ya kabini, lori limepakiwa kupita uwezo, breki zimechoka, giza limeingia, na mbele yake kuna lori jingine limeharibika na kuwekewa matawi ya miti badala ya pembetatu ya kuonya. Karatasi ina nafasi moja ya sababu, na anayeijaza huandika anachoweza kukiona na kukitetea: kasi.

Mfano mkubwa wa kasoro hii umetoka Marekani na umezunguka dunia nzima. Mwaka 2015 idara ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, ilichapisha muhtasari wa uchunguzi wa ajali 5,470 zilizotokea kati ya 2005 na 2007, ukisema kwamba katika asilimia 94 «sababu ya mwisho» ilihusishwa na dereva. Muhtasari wenyewe ulionya kwamba hicho ni kiungo cha mwisho katika mnyororo wa matukio, na kwamba kisichukuliwe kuwa chanzo cha ajali wala kuwa hukumu ya nani ana kosa. Onyo lilibaki kwenye karatasi na asilimia ikasafiri peke yake, hadi Januari 2022 mwenyekiti wa bodi ya uchunguzi wa ajali za usafiri nchini humo, Jennifer Homendy, akasema hadharani kwamba namba hiyo inapotosha na iachwe. Anayeambiwa kwamba asilimia 94 ni makosa ya madereva haoni tena haja ya taa za barabarani, njia ya watembea kwa miguu, wala mizani ya malori.

Kwa upande wa ulevi swali ni fupi zaidi: walipimwa wangapi, na kwa chombo gani? Kama hakuna chombo, asilimia ya ulevi ni asilimia ya harufu.

Hata hivyo shaka isivuke mpaka wake. Kwamba jedwali la sababu ni bovu hakuifanyi kasi isiwe na hatia. Uhusiano wa kasi na vifo umepimwa kwa njia nyingine, kwa kulinganisha barabara ambazo wastani wa mwendo ulibadilika. Kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani hukitumia ni kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kuua hupanda kwa takriban asilimia 4.

Dalili: kundi moja linabebeshwa ajali zote

Hapa Lubumbashi makundi ni mawili: waendesha pikipiki za abiria, tunaowaita manseba, na magari yenye usukani wa kulia, ambayo huingia kwa wingi kupitia Zambia na Tanzania, nchi zinazoendesha upande wa kushoto, wakati sisi tunaendesha kulia. Ripoti husema, tuseme, kwamba magari sita kati ya kumi yaliyopata ajali yalikuwa na usukani wa kulia. Namba hiyo peke yake haina maana. Kama magari sita kati ya kumi yanayopita barabarani yana usukani wa kulia, hayana hatari ya ziada hata kidogo. Kama ni matatu kati ya kumi, jambo ni zito.

Uzuri wa kasoro hii ni kwamba unaweza kuirekebisha mwenyewe bila kuomba ofisi yoyote. Kaa kando ya Chaussée de Kasenga saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, ukichora mistari miwili ya vijiti: usukani wa kulia, usukani wa kushoto. Rudia siku nyingine, na mahali pengine, kwa sababu magari ya komini za Kenya na Katuba si yale ya katikati ya mji. Fanya vilevile kwa pikipiki, ukikumbuka kwamba manseba hushinda barabarani tangu alfajiri, na gari la binafsi hutoka mara mbili kwa siku. Kinachofaa kulinganishwa ni ajali kwa kilomita zilizoendeshwa, au angalau kwa saa za kuwa barabarani.

Kugawanya kwa idadi ya magari yaliyosajiliwa ni njia mbaya zaidi hapa kwetu. Malori ya mizigo yenye plaki za Zambia, Tanzania na Afrika Kusini hupita kila siku na hugongana kama mengine, lakini hayamo kwenye daftari letu la usajili. Waathirika wao wanaingia juu ya mstari wa sehemu, na yenyewe hayaingii chini. Kwenye barabara kuu, vituo vya peaji, yaani vya kulipia barabara, hutoa namba bora zaidi ya kugawia, maana pale kila anayelipa, mgeni au mwenyeji, anahesabiwa. Kwamba kilomita na vifo haviendi pamoja siku zote kulionekana Marekani mwaka 2020: watu waliendesha pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kwa sababu ya korona, na vifo vikaongezeka kwa takriban asilimia 7. Aliyetazama idadi peke yake hakuona jinsi kila kilomita ilivyokuwa hatari zaidi.

Dalili: kinga inaonekana kuwa na madhara

Mtu hupita wodini akakuta wengi wa manseba walioumia walikuwa wamevaa kaske (kofia ngumu ya pikipiki), akatoka akisema kaske haisaidii. Amesahau kuuliza mochari. Aliyevaa hufika wodini kwa sababu alivaa, na asiyevaa hakufika. Mapitio makubwa ya tafiti yanaonyesha kwamba kaske hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Takwimu yoyote iliyokusanywa nyuma ya mlango mmoja, wa wodi, wa karakana au wa ofisi ya bima, ikaguliwe kwanza ni nani asiyeweza kufika kwenye mlango huo.

Dalili: madereva wenyewe wanajisifu

Huku si pa kupoteza muda. Mwaka 1981 Ola Svenson aliwauliza wanafunzi wa Marekani na wa Sweden wajilinganishe na madereva wenzao. Asilimia 93 ya Wamarekani na 69 ya Waswidi walijiweka kwenye nusu ya wenye ustadi zaidi. Dodoso la «je, unafunga mkanda?» hupima aibu ya mjibu. Simama kwenye mzunguko na uhesabu mikanda.

Dalili: kibao cha kampuni kinasema siku nyingi bila ajali

Soma neno dogo lililo chini ya namba. Mara nyingi kibao huhesabu ajali zilizotokea ndani ya uzio na zilizomfanya mwajiriwa akose kazi. Lori la mkandarasi aliyekodiwa kubeba madini, likipinduka kilomita 30 nje ya geti na kumwua mwendesha baiskeli, halimo kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa lori si la kampuni, dereva si mwajiriwa, na barabara ni ya serikali. Kibao hakijadanganya. Uliza tu kama wakandarasi wanahesabiwa, na kama watu wasio wafanyakazi wanahesabiwa.

Namba isipotengenezeka

Kuna wakati umepiga simu zote, orodha haikutolewa, na kesho asubuhi lazima usome kitu redioni. Kwanza tazama tarakimu za mwisho za kila mwezi: zikiwa nyingi zinaishia na 0 au 5, ujue zilikadiriwa mezani, na uziseme hivyo. Kisha tumia maneno yanayobeba upungufu badala ya kuuficha. Usiseme «watu 41 wamekufa barabarani mwaka huu». Sema: «polisi wameandika vifo 41 vya papo hapo kati ya Lubumbashi na Likasi tangu Januari, waliofariki baadaye hospitalini hawamo.» Sentensi ni ndefu kidogo kwa mtangazaji, lakini mwakani, mwenzako atakapokuja na namba iliyojumuisha hospitali, hatalazimika kutangaza kwamba vifo vimeongezeka.

Weka nakala ya sentensi hiyo pamoja na tarehe uliyopewa namba na cheo cha aliyekupa. Ofisi zinazotoa takwimu huzirekebisha baadaye kimya kimya, mara nyingi kwa nia njema, na bila tarehe hutaweza kujua kama tofauti ya namba mbili ilitokea barabarani au kwenye faili.